Kwenye video wanasimama kila mara

MALEMBA-NKULU. Mwishoni mwa kiangazi udongo wa Malemba-Nkulu huwa mgumu kama tofali lililochomwa. Mvua haijanyesha kwa miezi, na uwanja ulio nyuma ya kanisa umekanyagwa na miguu ya watoto mpaka unang'aa. Ni hapo, Jumapili moja baada ya ibada, mtoto wa miaka saba alipomwinua rafiki yake wa miaka sita, akamlaza mabegani, akazunguka naye mara mbili huku wenzao wakipiga makofi, kisha akamwachia aanguke.

Rafiki hakusimama. Kwanza alinyamaza, halafu akalia kwa sauti ambayo watu waliokuwa njiani waliisikia. Mfupa wa mtulinga, ule unaoshika bega na kifua, ulikuwa umevunjika. Mama yake alikuwa kando ya mto Lualaba akingojea mitumbwi ya samaki kutoka upande wa Kikondja. Alipofika hospitalini, muuguzi alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mkono kwa kitambaa shingoni.

Yule aliyemwinua alijificha jikoni kwa kambo yake mpaka jioni. Baba yake alipomkuta, alikuwa na fimbo mkononi. Kabla haijashuka, mtoto alisema: "Papa, nilijua atasimama. Kwenye video wanasimama kila mara."

Baba aliiweka fimbo chini. Kesho yake maneno hayo yalikuwa sokoni, kwenye kivuko, na kwa wanawake wanaochota maji. Wengine waliyacheka. Lakini kila aliyeyafikiri kidogo aliona kwamba mtoto hakusema uongo. Alikuwa ameangalia mieleka kwa miezi, tena kwa makini kuliko watu wazima. Aliona mtu anatupwa chini mara kumi na mara kumi anasimama. Akajifunza kutokana na alichokiona.

Ukumbi wa video alikokuwa akiangalia ni nyumba ya matofali mabichi yenye bati juu na mbao za kukalia. Mchana televisheni inawaka kwa pano za jua na betri. Usiku inaungurumiwa na jenereta. Watoto hulipa franka 200, na wasio nazo husimama dirishani. Huonyeshwa mpira, filamu za Nigeria, karate ya Wachina, na mieleka, ambayo huku Kongo kila mtu huiita kachi, neno lililotufikia kupitia Kifaransa. Mwenye ukumbi aliwahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kuingia katika biashara hiyo, na wazee wa mtaa bado humwita Mwalimu.

Shefu wa kartie aliita mkutano chini ya mwembe. Baba mmoja alitaka ukumbi ufungwe. Mwingine alisema watoto wamepigana tangu zamani, hata kabla ya televisheni kufika, na wamevunja mikono kwa kuanguka miembeni bila mtu kuikata miembe. Mama wa mtoto aliyeumia alingoja wanaume wamalize. Kisha akasema: "Mtoto wangu atapona. Lakini akipona ataomba tena kwenda kuangalia, na mimi nitakuwa mtoni natafuta bukari yake. Sasa niambieni, nani atakuwa pale pamoja naye?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu alitazama viatu vyake.

Swali la mama huyo limewahi kuwashughulisha watu wenye pesa nyingi kuliko mtaa wetu. Nchini Marekani, wenye mieleka walijua zamani kwamba watoto ndio wateja wao wakubwa. Mwaka 1985 televisheni ya CBS ilianza kuonyesha katuni ya Jumamosi asubuhi iliyomhusu Hulk Hogan na wenzake. Katika katuni hiyo Hogan hakutoa hata sauti yake mwenyewe. Iliigizwa na Brad Garrett. Hogan alikuwa mwema, wabaya wake walikuwa wajinga, na kila kitu kiliisha vizuri. Lakini mtoto yuleyule akikaa mbele ya televisheni mpaka usiku, angeweza kumwona Hogan wa kweli akipigwa kiti cha chuma mgongoni.

Mnamo Julai 2008 kampuni ya WWE ilibadili vipindi vyake vikubwa ili vifae kuangaliwa na watoto pamoja na wazazi wao. Damu ilipunguzwa, matusi yakapunguzwa. Mwaka 2012, tarehe 25 Agosti, ilianza kipindi cha watoto hasa, Saturday Morning Slam, cha nusu saa kila Jumamosi asubuhi. Wanamieleka walikuwa walewale wakubwa, ila walikatazwa kupiga kichwa au shingo. Kipindi hicho kiliisha Mei 2013, hata mwaka haujatimia.

Njia zote hizo zinafanana katika jambo moja: zinapunguza. Unatoa damu, unatoa kiti, unatoa shingo, na kinachobaki unampa mtoto. Si kazi mbaya. Lakini mtoto wa Malemba hakumpiga mwenzake kiti wala hakumshika shingo. Alimwinua na kumwachia, na kuinua na kuachia ndiyo kachi yenyewe. Ukikiondoa hicho, hakuna kilichobaki cha kuangalia.

Mwalimu aligundua hilo kwa gharama yake mwenyewe. Wiki ya kwanza baada ya mkutano aliwafungia mlango watoto wote wadogo. Walihamia dirishani. Alipoziba dirisha kwa gunia, walikwenda kwa kaka zao wenye simu, na kwenye kioo kidogo cha simu, chenye ufa katikati, waliangalia mieleka mibaya kuliko ile ya ukumbini. Wiki ya pili alikaa na kompyuta yake usiku kucha akikata: viti nje, damu nje, matusi nje, kila mtupo wa kutisha nje. Pambano la dakika arobaini likawa la dakika kumi na mbili. Jumamosi aliwaita wadogo. Waliangalia kidogo, wakaanza kusukumana kwenye mbao, na mmoja akasema kwa heshima zote: "Mwalimu, hii si kachi. Hawa wanakumbatiana tu."

Hapo ndipo alipoanza kujiuliza swali lingine. Badala ya kuuliza mtoto asione nini, akauliza mtoto hajui nini.

Asichojua ni kwamba anayeanguka anaanguka mahali palipotengenezwa. Ulingo wa mieleka unaoonekana kwenye televisheni si sakafu. Chini kuna vyuma, juu ya vyuma kuna mbao, juu ya mbao godoro jembamba, na juu yake turubai. Mbao hizo hubonyea mtu anapoanguka, na ndizo zinazotoa ule mlio mkubwa unaowafanya watazamaji waseme "amekufa!" Mwanamieleka amejifunza kuanguka kabla ya kujifunza kitu kingine chochote: kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo wa juu unatua wote kwa pamoja, mikono inapiga turubai wakati huohuo ili nguvu ya kuanguka isambae. Hata hivyo wanaumia. Magoti yao na migongo yao huisha mapema. Wakifanya hivyo kwenye ulingo uliotengenezwa wanaumia, basi mtoto kwenye udongo wa Agosti ana kinga gani?

Mukono nchini Uganda, kuna vijana ambao tangu 2023 wanacheza mieleka inayoitwa Soft Ground Wrestling, yaani mieleka ya ardhi laini, iliyoanzishwa na Daniel Bumba. Hawakuwa na ulingo wa vyuma, basi wakasimika nguzo, wakafunga kamba, na ndani yake wakaweka matope. Video zao zimeenea duniani, na hata hapa Malemba zinapita kutoka simu hadi simu. Watoto wakiziona hucheka matope. Hawajui kwamba matope yale ndiyo godoro.

Asichojua mtoto, pili, ni kwamba wale wawili wanasaidiana. Watu wa mieleka waliificha siri hiyo kwa miaka mingi sana. Mwanamieleka mwovu hakutakiwa kuonekana akila meza moja na mwema, hata mbali na ulingo. Siri ilikuwa mtaji. Ilipofika Februari 1989, kampuni ya WWF, ambayo leo ni WWE, iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani na si shindano la kweli. Haikufanya hivyo kwa ajili ya watoto. Ilitaka isisimamiwe na kutozwa kama ndondi. Wabunge waliambiwa ukweli. Mtoto aliyekaa mbele ya televisheni aliachiwa onyo la sekunde chache kwamba asijaribu nyumbani. Onyo hilo linatolewa kwa Kiingereza. Katika ukumbi wa Malemba hakuna mtoto anayelielewa, na wengi wanafikiri ni tangazo la biashara.

Wako wanaosema inatosha kumwonyesha mtoto kwamba mbaya anashindwa mwishoni. Jambo hilo liliwahi kupimwa. Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, Albert Bandura na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akilipiga na kulitupa sanamu kubwa la kupulizwa hewa. Walipopewa nafasi ya kucheza na sanamu hilo, waliiga, mpaka maneno ya yule mtu mzima. Mwaka 1965 Bandura alichapisha jaribio jingine: watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wengine. Lakini walipoahidiwa zawadi waonyeshe walichokiona, nao waliweza kuiga sawa na wengine. Adhabu ya mbaya haikuwa imefuta somo. Ilikuwa imelificha tu, likingoja siku yake, au uwanja usio na mtu mzima.

Basi Mwalimu aliamua kutumia kitu ambacho nchi zetu za Afrika Mashariki zinakijua vizuri: sauti ya msimulizi. Nchini Uganda wasimulizi wa filamu, wanaoitwa VJ, huzitafsiri na kuzitania filamu za kigeni kwa Kiganda. Nchini Kenya jina la DJ Afro linajulikana kila kijiji chenye ukumbi wa video. Watu hulipa ili wamsikie msimulizi hata kama filamu wameshaiona. Mwalimu alizima sauti ya Kiingereza, akachukua kipaza sauti chenye waya uliofungwa kwa gundi, akakaa kando ya televisheni na kusimulia kwa Kiswahili, akichanganya Kiluba pale palipohitaji kuchekesha.

Hakuharibu utamu. Mbaya alibaki mbaya, tena alipewa sauti ya mtu anayekataa kulipa deni. Mwema alibaki mwema. Lakini kila mtu alipoinuliwa, Mwalimu alisimamisha picha na kuuliza: "Mkono wake uko wapi?" Watoto wakatazama. Mkono wa anayeinuliwa ulikuwa umeshika kiuno cha anayeinua. "Na miguu yake ilifanya nini kwanza?" Akarudisha picha nyuma. Miguu ilikuwa imeruka. Ukumbi ulinyamaza, halafu mtoto mmoja akasema polepole: "Amejirusha mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alimleta kijana mmoja wa mtaani aliyewahi kufanya mazoezi ya kachi Lubumbashi. Waliketisha watoto ukutani. Mwalimu, ambaye tumbo lake linajulikana, alisimama katikati akalegea kama gunia la mihogo, akamwambia kijana amwinue. Kijana alivuta, akasukuma, akatoa jasho. Mwalimu hakutoka ardhini. Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye mbao. Kisha Mwalimu akasema, "Sasa nakubali," akaruka kidogo huku akimshika kijana begani, na kijana akamwinua kama mto wa kulalia. Alimshusha taratibu, kwa miguu.

"Nani amefanya kazi kubwa?" aliuliza.

Wengi walimwonyesha kijana. Mtoto aliyemvunja mwenzake bega alikuwa ameketi mwisho wa safu. Alisema: "Ni wewe, Mwalimu. Ulikubali." Halafu akatazama chini. Rafiki yake siku ile alikuwa hajaulizwa.

Tangu siku hiyo sheria ya kipindi cha wadogo imekuwa fupi, na watoto huisema kabla televisheni haijawashwa: wawili wamekubaliana, chini pametengenezwa, na sisi hatuinuani.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha, kwa sababu kachi ya Kongo haikutoka Marekani peke yake. Kinshasa ina mabingwa wake tangu enzi za Mobutu. Wazee bado wanalitaja jina la Kelekele Lituka. Baada yake wamekuja wengine, kama Edingwe anayeitwa Moto na Ngenge. Na iko kachi ya fetishi, ambayo mpiganaji hushinda kwa dawa: anapuliza unga, mpinzani anapooza, anasema neno, mpinzani anageuka kama mlevi, wako wanaoingia na nyoka shingoni, wako wanaojifanya kutoa matumbo ya mtu na kuyala mbele ya watu. Matarumbeta yanalia, mtaa wote unakimbia nyuma yao. Ni mchezo wa kuvutia kweli. Kwa mtoto wa miaka mitano, ni usiku wa kukojoa kitandani.

Mwalimu aliposema ukumbini kwamba nayo wachezaji wamekubaliana, habari zilifika kwa wazee kabla watoto hawajafika kwao. Kambo wa yule mtoto mwinuaji, bibi ambaye jikoni kwake mtoto alijificha, alikuja mwenyewe na fimbo yake ya kutembelea. Hakukaa.

"Nimesikia unawaambia watoto hakuna bwanga. Nani amekutuma?"

Mwalimu alisimama, akavua kofia. "Kambo, sikusema hakuna bwanga. Mambo hayo yana wenyewe, mimi ni mtoto kwenu. Nilichosema ni kwamba bwanga lile la kwenye televisheni haliwezi kushika mfupa wa mtoto wa miaka sita."

Bibi alinyamaza muda mrefu. Waliokuwepo walidhani amekasirika. Katika eneo hili, mtu wa umri wake ameona mambo. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakati wa Mai-Mai, kaskazini mwa Katanga kulikuwa na watoto walionyunyiziwa maji ya dawa na kuambiwa kwamba risasi haitawaingia. Walikwenda wakiamini. Familia nyingi za Malemba-Nkulu, Manono na Mitwaba zinajua jinsi hadithi hizo zilivyoisha, na nyingi hazizisimulii.

"Watoto waliambiwa risasi itakuwa maji," bibi alisema hatimaye. Hakueleza ni watoto gani. "Hawa wako wadogo, usiwaonyeshe ile ya dawa kabisa. Wakikua wataamua wenyewe." Kisha akakaa, akaomba maji ya kunywa, na akataka kuonyeshwa huyo mzungu mwenye kaptula ambaye wajukuu zake wanamtaja kila siku. Alikuwa John Cena. Bibi alimtazama vizuri, akasema amelishwa vyema.

Basi kachi ya fetishi haionyeshwi tena kwa wadogo katika ukumbi ule. Wala sababu iliyotolewa siyo kwamba ni uongo au kwamba ni kweli. Sababu ni kwamba mtoto mdogo akiambiwa mwili wa mtu haudhuriki, atakwenda kupima, na atapima kwa mwili wake au wa rafiki yake.

Haya hayawahusu wenye kumbi za video tu. Vituo vya televisheni huonyesha mieleka jioni, saa ya chakula, wakati watoto wamekaa mkekani. Nchi yetu haikosi maandishi. Sheria ya kumlinda mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria iliyounda CSAC, baraza linalosimamia redio na televisheni, ni ya tarehe 10 Januari 2011. Lakini baraza liko Kinshasa, na mtoto yuko mkekani. Mtangazaji wa kituo kidogo haitaji bajeti kubwa ili afanye alichofanya Mwalimu: dakika mbili kabla ya pambano, kwa Kiswahili au Kiluba, kueleza kwamba wale wawili wamekubaliana, kwamba chini pametengenezwa, na kwamba mtoto hainuliwi. Kisha pambano liendelee, na watu wafurahi.

Mwalimu mwenyewe hadai kwamba ameshinda. Kipindi cha wadogo kinampunguzia pesa, kwa sababu saa hiyo angeweza kuonyesha mpira kwa vijana wanaolipa zaidi. Amewazuia walio chini ya miaka kumi kuingia usiku, na baadhi ya wazazi walewale waliotaka afunge wamemlalamikia kwamba sasa watoto wanawasumbua nyumbani. Na simu zipo. Kipande cha nusu dakika kinapita mkononi mwa mtoto: mtu anainuliwa, anatupwa, basi. Hakuna mwanzo wala mwisho, na hakuna mtu wa kusimamisha picha na kuuliza mkono uko wapi. Kwa hilo, anasema, hana waya mrefu wa kutosha kwa kipaza sauti chake. Labda kaka mwenye simu ndiye anayepaswa kuwa msimulizi. Ameanza kuwaambia hivyo vijana wa mpira kabla ya mechi. Wengine wanasikia, wengine wanamwambia awashe televisheni.

Mvua zilipoanza, mfupa wa mtoto ulikuwa umeunga. Kitambaa kilitolewa. Kwa siku kadhaa alitembea na mkono umebanwa ubavuni kana kwamba kitambaa bado kipo. Mama yake alirudi mtoni kwenye kazi yake. Na Jumamosi moja, baada ya kipindi, watoto waliteremka kwenye mchanga karibu na mahali mitumbwi inapofungwa. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu waliwaona na wakawa tayari kupiga kelele.

Aliyevunjika bega alimwendea rafiki yake, akageuka, akampa mgongo ili ainuliwe, kama zamani.

"Sikuinui," rafiki alisema. "Bega lako bado. Na hatuinuani."

Alifikiri kidogo. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akapiga kelele kama mtu aliyerushwa na nguvu kubwa, akajilaza mwenyewe mchangani, kidevu kifuani, viganja vyote viwili vikipiga chini, *pa!* Mchanga uliruka. Mwenzake akaweka mguu mmoja kifuani pake, taratibu, na kuinua juu mkono wake uliopona, mpaka pale ulipoweza kufika. Mtoto wa tatu alipiga magoti kuwa refa, akaanza kuhesabu, akasahau kinachofuata baada ya mbili kwa sababu mtumbwi ulikuwa unaingia.

Aliyelala alingoja. Mwenye mguu akashikwa na wasiwasi, akainama, akamtazama usoni.

"Simama basi."

Aliyelala akafungua jicho moja. "Amalize kwanza kuhesabu."